Gitaa Nimefundishwa na Watu wa Jeneza

Mpendwa Shangazi Zaituni, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, kwa sababu Jumapili ijayo ndiyo siku yenyewe na mimi tangu wiki iliyopita chakula hakipiti. Ni mama wa miaka thelathini na tisa, mkulima wa hapa Suji, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu, na miaka mitatu iliyopita nilishikwa na hamu ya kujua gitaa. Gitaa lenyewe aliliacha mpangaji wetu alipohamishwa kikazi, mtu wa kunifundisha sikuwa naye, basi nikawa naenda nalo kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ambako tunangoja zamu za maji hata nusu siku, na pale juu mtandao unashika vizuri, nikatafuta kwenye simu, nikakutana na kundi moja la roki la Wazungu ambalo, Shangazi, nisikufiche, linatisha. Mwimbaji wao amejipaka chokaa uso mzima na wanja hadi mashavuni, anatoka kwenye jeneza, anatema damu ya rangi, anamkata mwanasesere kichwa kwa shoka. Siku ya kwanza nilizima simu nikasali. Siku ya pili nikawasha tena, kwa sababu mpiga gitaa wao husimama kando ametulia, vidole vyake vinaonekana vyote, na anachopiga unaweza kukifuata, nikapunguza kasi ya video, nikarudia kipande kimoja wiki tatu mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu za jembe, na siku kilipotoka chote bila kukosea nilipiga kelele, wenzangu wa zamu wakadhani maji yamefunguliwa.

Mwezi uliopita mpiga gitaa wa kwaya alihamia Dodoma, zimebaki wiki mbili twende kwenye mashindano Same mjini, nikajitolea, watu wakacheka, nikapiga, wakaacha kucheka. Shangazi, tumekuwa wa kwanza. Kwaya kumi na moja na sisi wa kwanza, kikombe tumekuja nacho, jaji alisema ule mwanzo wa gitaa umemsisimua mwili, mchungaji alisimama kupiga makofi, na mwanzo ule ni wa kundi la yule mtu wa jeneza, nimeutoa vilevile, nimepunguza mwendo tu. Nililia kwa furaha ndani ya basi njia nzima ya kupanda mlima.

Sasa shida. Kwaya yetu ina desturi, mtu akipiga chombo kwa mara ya kwanza akatuletea heshima, aliyemfundisha huitwa mbele ya usharika, huvikwa kitenge na kwaya nzima humwimbia. Mwalimu wetu wa kwaya, Eliamini, aliniuliza mbele ya wote nani alinifundisha, nami nikamkumbuka mwimbaji wetu wa besi aliyesimamishwa miezi mitatu kwa kuvaa fulana yenye fuvu, nikasema ni mjomba wangu Hezroni wa Makanya. Mjomba hajashika gitaa tangu azaliwe, maisha yake yote amechimba jasi. Nilipompigia anisitiri, badala ya kunigombeza alifurahi, ameshashona suti, na Eliamini ametangaza kwamba akishavikwa atatupigia wimbo mmoja. Nikisema ukweli nitatolewa kwenye kwaya na sitapiga tena, nikinyamaza mjomba wangu ataumbuka mbele ya kanisa zima. Mazoezi ya mwisho ni Alhamisi. Nifanye nini? Tafadhali ficha jina langu.

Mama wa Gitaa, Suji

*Shangazi Zaituni anajibu:*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Mwanamke aliyejifunza gitaa akingoja zamu ya maji, kisha akashuka mjini kuzishinda kwaya kumi, haandiki barua kama mtu aliyeiba kuku.

Sasa nikugombeze. Uongo wako hauna hata akili. Ulikuwa na Upare wote wa kuchagua, ukamchagua mjomba aliye hai, mwenye simu na anayependa suti. Mpigie leo. Mwambie aje na suti yake, akae benchi la mbele kama mjomba wa mshindi, ale ashibe, lakini gitaa asilisogelee.

Kuhusu huyo wa jeneza, damu ni rangi, umesema mwenyewe. Mimi ni Mwislamu, lakini nimekulia Same na michezo yenu ya Krismasi nimeitazama mingi. Kila mwaka kuna Herode mwenye ndevu za pamba na panga la boksi, na sijasikia ametengwa na kanisa. Uliyemkosea ni Eliamini, na ulimkosea kwa kumdanganya.

Kwa hiyo Alhamisi nenda mapema, kabla wengine hawajafika, na gitaa lako na simu yako. Simu iache mfukoni kwanza. Mpigie ule mwanzo, kisha umwambie, "Mwalimu, nilikudanganya. Mjomba hajui gitaa. Huu nilijifunza kwa hawa," ndipo umwonyeshe. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Akikusimamisha miezi mitatu, kubali, nenda zako kwenye ndiva ukaongeze nyimbo. Habari ya kuacha gitaa sitaki kuisikia tena. Ila sidhani atakusimamisha, maana kila akifungua kabati atakiona kile kikombe.

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa sijui Suji ina akina mama wangapi wapiga gitaa. Wahi kabla gazeti hili halijapanda mlima.

Na Jumapili watakapomwita aliyekufundisha, mjomba abaki amekaa. Wale wa jeneza wako mbali na hawajui Suji iko wapi. Simama wewe, nenda mbele, uvikwe.