Majibu ya Posa Niliyoyachapa Mwenyewe

Tabora, Jumapili

Shangazi Kuluthumu, shikamoo.

Mvua imeanza huku, na mama anakushukuru kwa asali. Mimi nikitoka shule najifunza kompyuta kwenye steshenari ya kaka Yahaya. Ukibofya neno mara mbili linachaguliwa lote, mara tatu aya nzima. Ukishika kitufe cha Kontroli na A, ukurasa wote unageuka bluu, na ukichapa chochote maneno yote ya mwanzo yanafutika.

Jana baba alikuja pale na majibu ya ile posa uliyotuletea kutoka Kaliua. Akaniambia niyachape vizuri. Hakuna aliyeniuliza kitu, Shangazi, na unajua mdomo wangu ulivyo mzito.

Nikachapa mpaka "tumekubali". Nikalibofya mara mbili, nikaandika "bado". Haikunitosha. Nikabofya mara tatu, nikafuta aya. Zilizobaki zilikuwa shukrani tu. Nikashika Kontroli na A, nikaandika: "Tunu anasoma kidato cha nne. Hataki kuolewa."

Baba alikuwa anasoma nyuma yangu. "Rudisha maneno yangu."

Kurudisha ni Kontroli na Z, naijua. Nikamwambia, "Sirudishi, baba."

"Dogo, utaniulia biashara," kaka Yahaya akaninong'oneza, huku akijifanya anatafuta karatasi.

Baba aliondoka bila majibu. Jumatano atapanda treni aje kwako kutaka ushauri, ndiyo maana nampa rafiki yangu Advera, anayesafiri leo kuja huko, barua hii ikutangulie. Mwambie unachotaka, Shangazi. Akinikalisha tena kwenye ile kompyuta, nitachapa hayohayo.

Mwanao,
Tunu