Shamba la Baba Lisiwe Ng'ombe Watupu

Leparua, Isiolo

Ndugu yangu mdogo Halake,

Assalamu aleikum wewe, mke wako Kabale, na kila anayekula katika sufuria yenu huko Kinna. Kichwa chako kigumu kinaendeleaje? Mimi niko salama, alhamdulillahi, isipokuwa mguu ule mmoja, na sababu yake unaijua.

Jua kwamba ndugu yako sasa ni mkubwa wa msitu mzima. Maafisa husimama nikiwa kazini na hakuna tawi linalokatwa bila ruhusa yangu. Haya, wacha kucheka. Ninafukuza mbuzi. Nilipewa buti na tochi, fimbo nikaja nayo mwenyewe. Na maafisa husimama kwa sababu kiti ni kimoja tu, na nimekikalia mimi.

Sasa tuongee. Kabale alinipigia simu. "Shemeji," akasema, "huyu amenunua miche ya blugamu tupu, mikaratusi tu. Anangoja mvua ajaze shamba lote la baba. Nikimwambia kitu ananiuliza mti ulianza kuongea na wanawake lini." Ningekupigia, lakini wewe ukiambiwa ukweli mtandao hupotea. Barua huwezi kuikata.

Halake, ulishafanya jambo hili hili. Uliuza ngamia na mbuzi wa baba ukanunua ng'ombe watupu, ati Mborana huonekana kwa ng'ombe. Nikakwambia changanya. Ukasema ngamia ananuka. Ukame ulipokuja, nyasi ziliisha na ng'ombe wako wote wakalala chini pamoja, huku ngamia wa jirani wakitafuna vichwa vya miti na kukutazama. Nililia pamoja nawe. Kilichobaki ni hilo shamba.

Hapa ninapolinda kuna vipande viwili vilivyopandwa msimu mmoja. Kimoja ni mti wa aina moja, mukau mtupu, kingine kimechanganywa: mukau, mgunga, mwarobaini. Mwanzoni nilikipenda cha kwanza, kimepangwa kama wanajeshi. Lakini tazama sasa! Wote wana kimo kimoja, wanagombea jua lile lile juu na maji yale yale chini. Wadudu walipoingia walitembea mstari kwa mstari kama wageni wa harusi. Kule kwenye mchanganyiko mdudu alikula mti mmoja, akainua kichwa, akakuta jirani si chakula chake.

Anayesimamia miti ni Makena, binti wa Kimeru. Siku ya kwanza nilimwona amekumbatia mti, nikasema maskini, huyu hajaolewa. Kumbe anapima unene kwa kanda.

"Mzee," akaniambia, "mukau wa huku kwenye mchanganyiko umenenepa kuliko ndugu yake wa kule."

"Kwani huu unakunywa maziwa?"

"Unakaa na watu wazuri. Mizizi ya huyu inaenda chini sana, ya yule inabaki juu. Mgunga unarutubisha udongo, wenzake wanakula."

Nikamwambia hayo sisi tunajua, ni zizi. Ngamia anakula juu, mbuzi katikati, ng'ombe chini, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Alicheka mpaka kanda ikamwanguka.

Halafu akanieleza jambo ambalo sikulijua, na nimelipenda mno. Ile hewa ya moshi inayoharibu anga, mti unaivuta na kuifanya mwili wake: shina, matawi, mizizi. Majani yakianguka, nyingine inaingia udongoni. Miti ikinenepa zaidi, imefunga hewa nyingi zaidi.

"Na ikichomwa?"

"Hewa yote inatoroka."

"Basi mimi silindi miti, binti yangu. Nalinda mahabusu."

Tangu siku hiyo natembea kifua mbele. Alfajiri nikitoka kuswali napita humo, udongo ni mweusi, una unyevu hata jua likiwa kali, na kuna ndege ambao sijawahi kuwaona. Mimi mtu wa nyasi, nasimama tu kama mjinga. Subhanallah.

Lakini si kuchanganya ovyo. Pembe moja waliweka mti wa haraka karibu na wa polepole, wa haraka ukamfunika mwenzake gizani mpaka akafa. Makena mwenyewe anasema pale walikosea. Wenye kukaa pamoja huchaguliwa, kama mke.

Nisalimie shangazi yetu mwenye tumbako, imamu anayesoma haraka akiwa na njaa, na mwanao mkubwa aliyerithi masikio yangu, pole yake.

Na kwa kuwa nimetaja mke. Ulipomtaka Kabale, ni nani alienda kuongea na baba yake mkali, akaumwa na mbwa mlangoni, na bado akaketi na kukusifu kwa uongo mtupu? Ulisema, "Kaka, siku moja utaniomba kitu kidogo." Nimengoja mpaka nimeota mvi. Leo naomba. Rudisha nusu ya miche hiyo kitaluni kabla hujachimba shimo hata moja, uchukue mukau na mgunga. Karibu na mfereji usiweke blugamu kabisa, itakunywa mpaka chai ya Kabale. Ni kidogo sana, Halake, ukilinganisha na meno ya yule mbwa.

Kaka yako,
Wario