Saa Moja ya Bure kutoka Burundi

Murusagamba, Jumapili usiku

Na bado nacheka peke yangu!

Tangu tufunge ndoa nashinda kwenye simu, naangalia nani amezisifu picha zetu za harusi na nani amepita kimya. Hao waliopita kimya wananikosesha usingizi. Najua ni upuuzi, lakini moyo unauma kweli.

Leo jioni simu ikashika mtandao wa Burundi, kama kawaida ya huku mpakani, na intaneti ikakata. Nikavaa viatu nipande mlimani kuitafuta. Mume wangu alikuwa kibarazani anamenya maharage.

"Mke wangu, unakwenda kumtafuta bwana harusi mlimani? Si huyu hapa?"

Nikaona aibu, nikakaa. Akachungulia simu. Ilikuwa imerudi nyuma saa nzima, imefuata saa za Burundi.

"Ona! Majirani wametupa saa moja ya bure. Tuitumie."

Tukaitumia! Tukamenya, tukaimba, akanilisha ndizi ya kuchoma kwa mkono wake, mbele ya mama mkwe!

Mtandao umerudi sasa. Sijafungua kitu. Aliyenisifu jioni nzima anakoroma hapa ubavuni.