Sura ya Mvuvi Asiye na Foto

Neema, mjukuu wangu, bibi yangu mdogo huko Lubumbashi,

Huku Songo, Uvira, tuko wazima. Mama yako mdogo amezaa mtoto mwanaume, na bahati yake, anafanana na minye babu yake.

Unauliza kama muntu asiyeweza kutulia anaweza kuwa mchoraji. Sikia. Hata kwa kuandika barua hii nimeinuka mara tatu. Katika ujana wangu nilikuwa fundi wa kwanza Uvira nzima, ingawa aliyesema hivyo ni minye peke yangu. Siku moja Mama Riziki akaja kwenye atelie yangu ya kuchoria. Bwana yake mvuvi alikuwa amekufa bila kuacha foto hata moja, na watoto walikuwa wadogo, wangemsahau sura. "Nitakuelezea, nawe utachora," akasema. Lakini nilipiga mdomo tu, nikamaliza upesi bila kumsikiliza.

Akatazama. "We kijana, huyu si ni weye umewekwa ndevu!"

Haya ikanifunga mdomo. Miguu yangu ilicheza chini ya kiti, lakini sikuinuka. Yeye akageukia dirisha, akatazama nje, jua likipiga juu ya ziwa, mpaka jicho lake moja likajifunga. "Ni hivi," akasema polepole. "Hivi ndivyo alivyokuwa anatazama maji kila asubuhi." Ndipo vingine vikamjia: paji, shavu, midomo. Nikachora.

Nilipomaliza hakunisifu. Alisimama tu, akaitazama picha, akafunga dirisha.

"Jua linamuumiza macho," akasema.

Ni minye, babu yako.