Zulia la Chumbani kwa Mama

Jumatatu, 5 Mei

Nimesugua tena kabla ya kazi. Brashi, sabuni ya unga, ndoo mbili. Mama kitini, ananitazama. Pale karibu na dirisha ndipo pabaya zaidi. Harufu ya mkojo haitoki, inahama tu.

Nepi hataki. "Mimi si mtoto mchanga." Kulitoa zulia siwezi. Sakafu tupu ndiyo iliyomwangusha akavunjika nyonga, na tangu hapo hutembea kwa kushika ukuta. Kulipandisha darini kulianika kila wiki kunataka wanaume wanne. Mimi ni mwanamke mmoja.

Jumatano, 7 Mei

Leo hotelini Manda, ng'ambo ya maji ninakofanya kazi, nimemuuliza Mercy, msimamizi wetu wa usafi wa vyumba, mashine gani itafaa. Mtu wa bara, hazunguki maneno. "Ya kufyonza vumbi usichukue, hiyo ukiipa maji inakufa. Ya mvuke pia usiguse, joto litaipika harufu ndani ya zulia. Tafuta yenye matangi mawili. Moja linamwaga maji safi, la pili linanyonya machafu."

Hapa mjini nimekuta za vumbi tu. Nimeagiza Mombasa.

Ijumaa, 9 Mei

Mama hajasali chumbani mwake tangu Ramadhani. Anasema zulia lina najisi. Kila wakati wa sala anataka apelekwe ukumbini, na nisipokuwapo anamngoja jirani yetu, Bi Zaina, aje amshike mkono. Nimemuuliza ustadhi wa mtaani kama mashine itatosha. Amesema maji safi yapite na yatolewe, mpaka rangi na harufu viondoke. Nimerudi na kumweleza Mama. Alinishika uso kwa mikono miwili.

Jumanne, 13 Mei

Imefika. Nyepesi kuliko nilivyodhani. Nimeomba ruhusa ya siku mbili.

Nimejaribu kwanza kwenye kona chini ya kabati, nione kama rangi itachuja. Haikuchuja. Basi nikaanza. Kosa la kwanza: sabuni nyingi, povu likajaa tangi. Kosa la pili: maji ya bomba. Yetu yana chumvi, na zulia lenye chumvi halikauki. Nikachota ya mvua kutoka birika la kuhifadhia maji uani, nikarudia chumba kizima. Kumwaga mara moja, kunyonya mara tatu, polepole. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi. Nimeona aibu. Miezi yote hii Mama amekaa juu ya uchafu huu.

Jumatano, 14 Mei

Feni na madirisha tangu jana. Adhuhuri limekauka. Mama akatandika msala wake chumbani, akasali kwa kukaa, akaomba dua ndefu. Alilitaja jina langu.

Kabla ya alasiri alilowesha. Palepale.

Nilimpigia kelele. Nilisema, "Kwani huwezi kujizuia hata siku moja?" Nilisema na mengine. Siyaandiki. Alivuta buibui akajifunika magoti.

Nimeosha tena. Nilikuwa na hasira hata wakati wa kunyonya maji.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemuomba radhi. Amesema yamekwisha. Nimerudi kazini. Bi Zaina huja mchana kumpa chakula.

Jioni zulia kavu.

Jumapili, 18 Mei

Kavu siku ya nne. Nimemwambia Mercy, akacheka, akasema mashine nzuri hulipa. Pengine harufu ya zamani ndiyo iliyokuwa inamchanganya, hajui choo kiko wapi. Hivyo ndivyo ninavyodhani. Nimelala vizuri mara ya kwanza mwaka huu.

Mama mchovu. Joto.

Jumatatu, 19 Mei

Midomo ya Mama imepasuka. Nimempaka mafuta. Kibuyu cha maji karibu na kitanda kitupu, nikafurahi kuwa anakunywa. Vidonge vya presha amemeza.

Jumanne, 20 Mei

Bi Zaina amenipigia saa sita. Mama haamki sawasawa, anamwita Bi Zaina kwa jina la dada yake Mama aliyekufa. Boti ya kurudi ilingoja abiria wajae. Nilisimama nikawapigia kelele watu nisiowajua.

Tumempeleka hospitali kwa machela. Daktari amemvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Ameniuliza, "Mara ya mwisho amekunywa maji lini?" Nikasema anakunywa, kibuyu ni kitupu kila jioni. Akasema huyu hajanywa vya kutosha kwa siku nyingi. Figo zimezidiwa.

Jumatano, 21 Mei

Dripu ya tatu. Asubuhi alinitambua. Nikamuuliza maji alikuwa akiyapeleka wapi.

"Naliyamwaga dirishani."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtu asipokunywa mai, hakojoi. Nalikuwa naona haya, mwanangu. Uliosha sana."

Niliinamisha kichwa kwenye chuma cha kitanda. Akaniambia nisilie, watu wanatazama. Nimempa maji kwa kijiko. Vijiko vinne. Cha tano alikitema.

Ijumaa, 23 Mei

Mama amefariki baada ya Fajri. Innalillahi.

Mikono yake ilikuwa imevimba, kwa sababu maji ya dripu hayakuwa na pa kutokea. Wanawake wa mtaa walikuja kuosha. Mwosha aliniuliza kama nitaweza. Nikasema nitaweza. Nimemmiminia maji mimi mwenyewe, kulia kisha kushoto. Mengi. Amezikwa baada ya sala ya Ijumaa.

Mimi ndiye niliyemuua. Ninaandika hapa kwa kuwa kila ninayemwambia ananinyamazisha, anasema ni ajali ya Mungu. Ajali hainyanyui sauti.

Jumamosi, 31 Mei

Khitma ya Mama imesomwa leo, nyumbani. Wanawake walijaa ukumbini na chumbani kwa Mama, wakakaa juu ya zulia. Wengi wamesifu usafi wa nyumba. Nilipeleka kahawa, nikaondoa vikombe.

Walipotawanyika, Bi Zaina alibaki. Mumewe ameanza kupotewa na kumbukumbu, na kwao mkeka na godoro vimeharibika. Ameniuliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kuazima mashine. Nimempa. Nimemwonyesha matangi, kipimo cha sabuni, na kwamba atumie maji ya mvua.

Alikuwa ameshafika mlangoni nilipomwambia lililobaki. Kwamba Mama aliacha maji kwa sababu yangu, kwa maneno niliyomwambia. Nimeyarudia maneno yote, hata yale ambayo sikuyaandika. Nikamwambia amtazame mumewe mpaka ameze maji.

Hakusema ni ajali. Aliniuliza kama nimekula.

Nikasema bado.

Akaiweka mashine chini, akavua viatu, akaingia jikoni.