Mashine Iliyoanza Kukosea Baada ya Harusi

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Nakusalimu kwa furaha ambayo karatasi hii haiwezi kuibeba. Hujambo? Goti je, limeacha kukusumbua? Na cherehani yako, bado inanung'unika ukishona jinzi? Sisi wazima kabisa. Mume wangu (acha niandike tena: mume wangu!) anakuamkia shikamoo.

Shangazi, umeniokoa na wala hujui. Acha mkasi, kaa nikusimulie.

Unaikumbuka kazi yangu, kwenye ile mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Unaionyesha pa kuanzia kupima, sisi tunapaita sifuri, nayo inatoboa matundu kuanzia hapo bila kukosea hata unene wa unywele. Mume wangu ni fundi umeme wa karakana hiyohiyo. Basi tangu harusi akawa ananitangulia kazini, anawasha mashine na kuniwekea sifuri papo hapo, ili nikifika nianze kutoboa tu. Mapenzi gani hayo, Shangazi! Wenzangu waliona wivu.

Lakini tangu harusi hiyohiyo mashine ikaanza kukosea. Vyuma vya kwanza vilikuwa safi, halafu kadiri asubuhi inavyokwenda, matundu yanasogea, tena daima upande uleule. Karakana nzima ikapata kichekesho. Msimamizi alinyanyua chuma kilichoharibika, akapaza sauti: "Bi Harusi, hata matundu yako yameolewa? Mbona yamehama kwao?"

Nikacheka nao, ila moyoni nalia. Msimamizi alikwisha kuniambia kwamba wiki ikiisha hivyo, mashine anampa mwingine, mimi narudi kusugua chuma kwa tupa, kwa mkono. Na unajua nilivyoipigania mashine ile!

Tulikagua kila kitu. Jiliwa linalobana chuma lilikuwa limekaza. Skrubu ndefu inayosukuma meza haikulegea. Kisu kilikuwa kikali. Mume wangu alipekua nyaya zote mpaka akapata grisi kwenye kope. Alipendeza!

Alhamisi ya wiki ile akaenda kumsindikiza mama yake stendi. Nikawasha mashine mwenyewe, nikaiacha izunguke tupu, meza ikienda na kurudi, huku nakunywa chai kama enzi za usichana wangu. Ndipo nikaweka sifuri. Siku nzima halikuhama hata tundu moja! Furaha ikanigeukia shubiri. Mume hayupo, mashine imetulia. Jamani, nimeolewa na mkosi?

Hapo hapo nikasikia sauti yako: "We Sindano, loweka kitambaa kwanza! Kikishasinyaa ndiyo ukate!" Mbona chuma nacho kina tabia zake! Mashine ikipata joto, ile skrubu hurefuka kidogo. Ukiweka sifuri ingali baridi, kipimo kinakukimbia. Mpenzi wangu alikuwa akinikatia kitambaa kikavu.

Nilimweleza tukila. Kijiko kikasimama njiani. "Kwa hiyo mwizi wa matundu ni mimi?" Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kesho yake, kabla sijafungua mdomo, akajisema mwenyewe mbele ya mafundi wote. Walimzomea, wakampigia miluzi, naye anatabasamu tu. Shangazi, nikampenda upya.

Siku hiyo tuliipasha mashine joto kwanza. Jioni msimamizi akapima chuma cha mwisho. Akapima tena. Akakigeuza, akapima upande wa pili. Hatimaye akanirudishia kile chuma: "Matundu yamerudi kwao, Bi Harusi. Wewe tu usirudi kwenu. Jumatatu nakutaka hapa hapa."

Bado ananitangulia kila asubuhi. Anaiwasha tu, haigusi sifuri, anamimina chai vikombe viwili na kunisubiri. Mashine inapata joto, na sisi pia.

Nisalimie Mjomba, wale pacha watundu, na jirani yako mpiga pasi. Mungu akujalie macho ya kutunga uzi bila miwani mpaka ushone nguo za wajukuu zetu.

Ni mimi ninayekupenda, sasa kwa mioyo miwili,

Sindano wako.