Antena Niliyoisogeza

Mabawa, Tanga
14 Machi 1998

Mpendwa dada Mwatum,

Shikamoo. Hali za Wete vipi, na yale magoti yako? Huku uzima upo, riziki ndiyo haionekani.

Kazi imekwisha, dada. Ile boti ya wapimaji wa bahari niliyopata baada ya kupunguzwa shirikani, nimeteremshwa.

Juu ya paa la boti walifunga antena mbili, mita mbili kati yake. Zote hupokea ishara za setilaiti, na kwa tofauti ndogo ya kufika kwa ishara hizo mashine hujua omo, yaani pua ya boti, imeelekea wapi. Hayo nimeyaokota baadaye. Mwanzo nilipouliza, msimamizi alinijibu, "Mzee, shika usukani."

Basi nikatafuta pa kuweka pipa la maji ya udhu. Chini pamejaa nyaya, nikalipandisha paani, na antena moja nikaisogeza kando sentimita ishirini na nane. Nikaikaza vizuri kabisa.

Siku ya kumi na tisa ya kazi tumefunga gatini, nataka kusali, mashine inaniambia kibla kiko kwingine. Pale nimesali miaka kumi na moja. Nikaikumbuka ile antena, nikapiga hesabu: mashine imepotoka digrii nane. Kifaa chao cha kupimia chini ya maji hutazama ubavuni hadi mita mia, kwa hiyo lile jiwe lililozama mlangoni mwa bandari wameliandika mita kumi na nne mbali na lilipo.

Nikamweleza fundi wao wa mashine, Fanueli, naye akaniambia, "Nyamaza, Mzee Massoud. Nani atapanda paani na rula?"

"Meli itapanda juu ya jiwe," nikamjibu.

Nikaandika yote kwenye daftari la chombo, kwa mkono wangu. Kesho yake nikapewa barua ya uzembe. Kila ninakobisha hodi, barua hiyo imeshafika. Nina miaka hamsini na minne.

Na kupima hawakurudia. Muda wao umekwisha, ramani imepelekwa kuchapwa vilevile. Nimewaandikia mara tatu, kimya.

Mwambie mwanao Shaib, meli yao ikija Tanga, ramani mpya wasiiamini. Penye jiwe itawaonyesha maji. Najua yeye ni baharia wa kamba tu, na nahodha hatamsikiliza. Mwambie hivyo hivyo.

Nisalimie Tuhfa na shemeji Abass. Mola amhifadhi huyo kijana, mimi nililoliweza limekwisha.

Mdogo wako akupendaye kama zamani,
Massoud